Hewa moja: juu dawa, chini sumu

Jumapili tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo lilitumbukia baharini kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, likiwa na mama na binti yake ndani. Gari hilo halikuopolewa mpaka tarehe 11 Oktoba, nao wote wawili walikuwa wameshafariki. Lilikuwa limelala chini kiasi cha mita 58. Siku zote zile watu walijaa ufuoni, upande wa kisiwani na upande wa Likoni, wakiwatazama wazamiaji wakishuka na kupanda. Na swali lililozunguka barazani lilikuwa moja tu: mbona hawakai chini? Wanashuka, na mara wamerudi!

Wako waliosema, tena watu wazima wenye kusoma, kwamba dawa ya jambo lile ni rahisi. Wazamiaji wajaziwe oksijeni nyingi katika mitungi yao, wapate nguvu ya kukaa chini. Si oksijeni ndiyo uhai? Si hospitalini mgonjwa akizidiwa hupewa oksijeni?

Msomaji, wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Rai ile ilikuwa na nia njema, lakini lau ingefuatwa ingeongeza misiba juu ya msiba. Na kwa kuwa hewa hiyo yenye oksijeni ya kuongezwa ipo kweli, na inauzwa na kutumiwa na wageni wanaokuja kupiga mbizi katika bahari yetu, na vijana wetu ndio wanaowaongoza wageni hao, nimeona inafaa tulieleze jambo hili kinaganaga. Watu wa fani hiyo huiita naitroksi.

UZITO WA MAJI

Tuanze na hewa hii tunayoivuta bure. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 21 ni oksijeni na 78 ni naitrojeni, na hiyo moja iliyobaki ni mchanganyiko wa hewa nyingine. Oksijeni ndiyo mwili unayoitumia. Naitrojeni huingia na kutoka bila ya kazi, mfano wa abiria aliyepanda gari akashuka bila ya kulipa nauli.

Mtu aliye juu ya nchi kavu amebebeshwa uzito wa hewa yote iliyo juu yake, na uzito huo tuuhesabu kuwa moja. Akishuka baharini mita 10, maji yanamwongezea uzito mwingine kama huo, zikawa mbili. Mita 20 ni tatu, mita 30 ni nne. Na ili mapafu yake yasibanwe, hewa inayotoka mtungini humjia ikiwa imeshindiliwa kwa uzito uo huo. Kwa hivyo katika mita 30 kila pumzi moja ina hewa mara nne ya pumzi ya juu, na naitrojeni yake ni mara nne vilevile.

Hapo ndipo yule abiria asiyelipa nauli anapoleta matata. Naitrojeni hiyo huingia katika damu, ikapenya katika mafuta na viungo vya mwili, ikatulia humo. Mzamiaji akipanda polepole, hutoka kidogokidogo kwa njia ya mapafu. Akipanda kwa haraka, au akiwa amekaa chini kupita kiasi, yatampata yanayoipata chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ghafla. Damu hufanya mapovu, na mapovu hayo huziba mishipa, yakaleta maumivu makali ya viungo, kupooza, na pengine kifo.

Wazee wetu waliokwenda Ghuba kwa majahazi waliwaona wazamiaji wa lulu, na wako watu wa asili ya mwambao huu waliopelekwa huko utumwani katika karne ya 19 wakafanywa kazi hiyo. Mzamiaji wa lulu alishuka kwa jiwe mguuni na kibanio puani, akiwa na pumzi moja tu, na mwenzake aliye chomboni ameshika kamba ya kumvutia juu. Ilikuwa kazi ya mateso. Lakini kwa kuwa pumzi yake ilikuwa moja, hakuwahi kukaa chini akijaza mwili naitrojeni kama afanyavyo mwenye mtungi. Taabu hii ya mapovu ilidhihiri pale wanadamu walipoanza kupelekewa hewa chini ya maji.

Mfaransa Paul Bert ndiye aliyeonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1878, kwamba naitrojeni ndiyo chanzo cha mapovu hayo. Mwaka 1908 Mwingereza John Scott Haldane pamoja na wenziwe, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi waliofungiwa ndani ya chumba cha chuma, walitoa majedwali ya kumwonyesha mzamiaji apande vipi na apumzike wapi. Majedwali na kompyuta za wazamiaji wa leo ni wajukuu wa kazi ile ya mbuzi.

HEWA YA KUONGEZWA

Sasa basi, mwenye akili atauliza: ikiwa adui ni naitrojeni, kwa nini tusiipunguze? Hilo ndilo lililofanywa. Katika miaka ya 1970 idara ya Marekani ya mambo ya bahari na anga, NOAA, ilitengeneza utaratibu wa kuwatumilishia wazamiaji wake wa uchunguzi hewa yenye oksijeni sehemu 32 badala ya 21, na mwaka 1979 ikauchapisha katika kitabu chake cha uzamiaji. Mwaka 1985 Dick Rutkowski, aliyekuwa mtumishi wa idara hiyo, alianzisha chama huko Florida cha kuwafunza naitroksi wazamiaji wa kawaida, wale wanaozamia kwa kujifurahisha.

Haikupokewa kwa shangwe. Wako walioibandika jina la hewa ya uchawi, na mwaka 1991 waandalizi wa maonyesho makubwa ya biashara ya uzamiaji huko Marekani walitangaza kuwa walimu wa naitroksi wasiingie katika maonyesho ya mwaka uliofuata. Wataalamu wakakutana, wakajadiliana, na marufuku ile ikaondolewa. Kufika mwaka 1996 hata PADI, shirika kubwa la mafunzo ya uzamiaji, lilikuwa linaifundisha. Leo ni jambo la kawaida katika bahari zote za watalii.

Faida yake ni ya kweli. Chukua mathalani MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya ufuo wa Bamburi ili iwe nyumba ya samaki, nayo imekaa karibu mita 30 chini. Kwa hewa ya kawaida, jedwali moja linalotumika sana linampa mzamiaji dakika 20 katika kina hicho. Kwa naitroksi ya 32 anapata karibu dakika 30, kwani mwili wake unapokea naitrojeni kana kwamba yuko mita 24 au 25 tu. Dakika 10 za ziada chini ya maji si kitu kidogo kwa mtu aliyesafiri kutoka Ulaya ili aje kuiona meli hiyo.

SUMU ILIYOMO NDANI YA DAWA

Lakini kila chenye faida kina gharama yake. Paul Bert huyohuyo aligundua jambo la pili, nalo ndilo wasilolijua wale waliotoa rai pale Likoni. Oksijeni ikishindiliwa kupita kiasi hugeuka sumu ya ubongo.

Hesabu yake si ngumu. Chukua sehemu ya oksijeni iliyomo mtungini, uizidishe kwa uzito wa mahali ulipo. Juu ya nchi kavu hewa ya kawaida inatoa 0.21. Wazamiaji wa kujifurahisha wamewekewa mpaka wa 1.4 wakiwa chini wakiogelea. Kipimo cha 1.6 ndicho ukomo, huachiwa mtu aliyetulia bila ya kazi, na zaidi ya hapo ni kucheza na roho. Kwa naitroksi ya 32, mita 33 inatoa kama 1.38, na mita 34 imeshapita mpaka. Kwa naitroksi ya 36, mwisho ni mita 28.

Sasa rudi kwenye lile gari la mita 58. Uzito wa pale ni 6.8. Naitroksi ya 32 ingempa mzamiaji kipimo cha karibu 2.2, na mtu hatumwi kazini kwa kipimo hicho. Hata hewa ya kawaida, pale chini, tayari inagusa ule mpaka wa 1.4, licha ya naitrojeni yake kulevya akili kama pombe. Wale waliokuwa wakishuka na kurudi hawakuwa waoga wala wavivu. Walikuwa wakifanya kazi katika ukingo wa yale ambayo hewa ya mtungi inaweza kumvumilisha mwanadamu.

Na sumu hii hujaje? Pengine huja na ishara: macho kuona kama mtu anayechungulia tunduni, masikio kuvuma, kichefuchefu, midomo na mashavu kuchezacheza, hasira isiyo na sababu, kizunguzungu. Pengine haina ishara hata moja, bali mtu hushikwa na kifafa ghafla. Juu ya kitanda cha hospitali kifafa hicho hupita na mgonjwa akapona. Chini ya maji kipumulio kinamtoka kinywani, anavuta maji, anazama.

Wapo wanaosema, mimi nimeshapita mpaka mara nyingi na sikudhurika. Wasome kazi ya daktari Kenneth Donald, aliyewafanyia majaribio wazamiaji wa jeshi la majini la Uingereza kuanzia mwaka 1942, wakati wa vita. Aliona kwamba watu wanatofautiana mno katika kuistahimili oksijeni. Zaidi ya hayo, mtu yuleyule aliyestahimili leo huenda asistahimili kesho kwa kina kilekile. Kazi nzito na baridi huzidisha hatari. Kwa hivyo anayejisifia jana yake hana hoja, kwani sumu hii haiweki ahadi na mtu.

KARATASI NA KIPIMO

Hivi karibuni nilikaa mchana mmoja na kijana anayeongoza wageni chini ya maji, kusini mwa Mombasa, na sitataja ni wapi. Mitungi ilikuwa imeletwa imeshajazwa, kila mmoja una karatasi iliyoandikwa 32. Mashua ilikuwa tayari, wageni wameshavaa, nahodha anaangalia saa kwa sababu maji yalikuwa yanatoka. Kijana yule akatoa kipimo chake cha oksijeni, akakipuliza kwanza kwa hewa ya kawaida mpaka kikasoma 20.9, kisha akaufungua mtungi kidogo na kukiweka mdomoni mwake, akangoja mpaka tarakimu zitulie. Mtungi wa kwanza ukasoma 32. Wa pili 32. Wa tatu 37.

Mwenzake alimwambia, "Ndugu yangu, tofauti ndogo hiyo, twende."

Akajibu, "Tofauti ndogo juu ya mashua. Huyu mgeni nampeleka mita 32."

Ukomo wa naitroksi ya 37 ni mita 27. Katika mita 32 mgeni yule angekuwa kwenye 1.55, karibu na ule ukomo wa 1.6, akiogelea dhidi ya mkondo, na akiamini kwamba yuko salama kwa sababu karatasi imesema hivyo. Mtungi ule uliwekwa kando, mgeni akapewa mwingine baada ya kupimwa, na safari ikachelewa robo saa. Nilipomwuliza kijana yule kama haoni haya kuwachelewesha watu, alinitazama akacheka: "Ami, mimi sina jicho la kuona oksijeni. Nina kipimo tu."

Naam, hilo ndilo kubwa ninalotaka msomaji alichukue. Oksijeni haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtungi wa 21, wa 32 na wa 40 yote ni sawa kwa macho na kwa pua. Hakuna ustadi wa bahari, hata wa mtu aliyezaliwa chomboni, utakaomjulisha kilichomo. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya naitroksi ni kwamba anayeivuta ndiye anayeipima, kwa mkono wake au mbele ya macho yake. Aliyejaza asimpimie, mwalimu asimpimie, mume asimpimie mkewe. Akishapima aandike juu ya mtungi kiasi cha oksijeni, kina cha mwisho, tarehe na jina lake, kisha atie sahihi katika daftari la duka. Halafu aiweke kompyuta yake ya mkononi kwa kiasi hichohicho alichokisoma. Kompyuta haijui kilichomo mtungini, inaamini inayoambiwa.

MAKOSA YALIYOZOELEKA

Yako makosa mengine yanayosikika sana ufuoni, nayo yanafaa kusahihishwa.

La kwanza ni kudhani kuwa naitroksi humpeleka mtu chini zaidi. La hasha, humzuia juu zaidi. Mwenye hewa ya kawaida hukatazwa na naitrojeni, na mwenye naitroksi hukatazwa na oksijeni, tena mapema.

La pili ni kudhani kuwa mtungi hudumu zaidi. Mapafu ni yale yale na pumzi ni zile zile. Muda unaoongezeka ni ule wa kuepuka mapovu, ama hewa ya mtungini inakwisha kama kawaida, na asiyeangalia geji yake atakwama palepale.

La tatu ni kudhani kwamba naitroksi inaondoa ule ulevi wa kina. Haifai kuitegemea kwa hilo, kwani oksijeni nayo hudhaniwa kulevya ikishindiliwa.

La nne linawahusu wanaojaza. Baadhi ya maduka huanza kwa kutia oksijeni tupu ndani ya mtungi, kisha hewa juu yake. Oksijeni tupu ikikutana na mafuta au grisi huwaka moto kwa nguvu ya ajabu. Mtungi na vali zake lazima visafishwe kwa kazi hiyo, na mikono yenye mafuta isiguse. Pampu ya hewa nayo isivute karibu na moshi wa injini, kwani hewa ya sumu ya moshi ikiingia mtungini huwa kali zaidi chini kuliko juu.

La tano ni kuacha adabu za kawaida kwa kuwa mtu ana hewa bora. Kupanda ni polepole, kiasi cha mita 9 kwa dakika, na kupumzika dakika 3 katika mita 5. Anayetaka kupanda ndege baada ya kuzamia mara kadhaa angoje saa 18 kwa uchache, naitroksi au hewa ya kawaida.

Na jambo moja linatuhusu sisi hasa. Vijana wetu wengi hufanya kazi hii hata katika mwezi wa Ramadhani. Hukumu ya dini juu ya kuzamia mtu akiwa amefunga tuwaachie masheikh. Kwa upande wa tiba, madaktari wa uzamiaji huonya kwamba mwili uliopungukiwa na maji huenda ukapatwa na mapovu kwa wepesi zaidi. Kijana atakayefanya kazi mwezi huo basi anywe maji ya kutosha usiku na daku, azamie asubuhi mapema, asishuke sana, wala asirudie mbizi nyingi. Na mwajiri mwenye utu asimlazimishe.

AMANA

Katika kazi ya lulu, uhai wa mzamiaji ulikuwa mikononi mwa mtu aliyeshika kamba. Mzamiaji alimtazama mwenzake usoni kabla ya kushuka, akajua nani anamwamini. Siku hizi kamba hiyo imekuwa mtungi uliojazwa jana, katika chumba cha nyuma, na mtu asiyejulikana, pengine akiwa amechoka. Amana ni ileile, ila mwenye kuichukua haonekani. Ndiyo sababu kipimo kikawekwa.

Najua kinachowazuia baadhi ya vijana. Ni haya. Wanaona kwamba kumpimia mgeni mtungi mbele ya macho yake ni kukiri kuwa duka haliaminiki, au ni kumvunjia heshima rafiki aliyejaza. Wengine wameajiriwa kwa siku, na bwana mkubwa akisema twende, ni taabu kusema ngoja. Lakini tumelelewa tukiambiwa kwamba tawakali huja baada ya mtu kumfunga ngamia wake, na mwenye kufunga ngamia hakuambiwa kuwa amewatukana majirani. Mgeni mwenye akili akimwona kiongozi wake akipima, humheshimu zaidi na kesho humrudia. Mwenye duka naye ajue kwamba robo saa ya kungoja ni rahisi kuliko kuiandikia barua familia ya marehemu.

Basi wewe kijana unayefanya kazi hii, na wewe mzazi uliye na mtoto katika kazi hii, ulizeni maswali matatu kabla ya mashua kung'oa nanga. Kipimo kiko wapi? Kimesoma ngapi? Na mwisho wa kina chake ni mita ngapi? Ikiwa moja kati ya hayo halina jibu, mtungi huo ubaki juu ya mashua, hata kama kila mtu ameshavaa.